Kiberege Imo Humu Chumbani

Jumatatu, 3 Machi 2025

Redio yetu imemuua mtu aliye hai. Mchana, kipindi cha matangazo ya vifo, mtangazaji kasoma vizuri kabisa: Mzee Amedeus wa Mofu amefariki dunia, mazishi kesho, habari zimfikie binti yake Dativa popote alipo. Mzee Amedeus mwenyewe alikuwa anakula ugali, redio iko pembeni yake!

Jioni katufikia hapa kituoni Mlabani kwa pikipiki, matope hadi magotini, anauliza nani kamuua. Kwake turubai limeshafungwa na akina mama wameshaanza kulia. Kuna waliokasirika kumkuta mzima – wametoka mbali na mchele wao!

Meneja, mama Febronia, akaniita. Mimi ndiye fundi wa mtandao, kwa hiyo kila baya ni langu. Matangazo yote hukaa kwenye folda moja. Sikitu wa mapokezi anaandika, mtangazaji anasoma. Sikitu anaapa hili hakuliandika yeye. Nilimtazama sana. Alikuwa anakwangua rangi ya kucha. Mtu asiye na hatia anakwangua kucha?

Jumanne, 4 Machi

Nimekagua kompyuta ya studio. Faili liliingizwa asubuhi na mashine ya ndani, anwani yake inaanza kama zetu zote. Nikamwambia mama Febronia. Kosa! Nilikuwa sijamaliza hata sentensi. Alisema ni la humu ndani, na humu ndani anayeandika matangazo anajulikana.

Nikamkumbusha kwamba asubuhi ya jana kompyuta ya mapokezi ilikuwa mezani kwangu, nimeipasua tumbo. Akasema kompyuta zipo nyingi.

Kikao ni Ijumaa. Sikitu akikosa la kujitetea, anaachishwa kazi. Amelia chooni, tumemsikia wote. Yeye ndiye anayelisha nyumba nzima tangu mumewe aende machimboni na kusahau njia ya kurudi.

Sasa simshuku tena. Namshuku Bryson.

Jumatano, 5 Machi

Nimepakwa majivu ya Kwaresima asubuhi. Nimerudi kazini na paji chafu, na moyo mchafu zaidi.

Bryson ni wa kampuni iliyotuunganisha na studio yetu ndogo ya Kiberege mwezi uliopita. Amekuja kukagua kifaa chao. Nikamzungukia kwa maneno: hivi ninyi mnaweza kuona vyetu? Mnaweza kuchomeka vyenu? Akacheka. Dada, hata hatufungui.

Nikamwambia basi anieleweshe. Makaratasi yao nimeyasoma mpaka nikachoka – VPN ya tabaka la pili juu ya MPLS. Maneno ya kumtisha mteja!

Kumbe ni kama kifurushi cha basi. Unafunga mzigo wako, wao wanabandika lebo mbili. Ya juu inaonyesha njia. Ya chini inasema mzigo ni wa mteja gani. Njiani hakuna anayefungua, wanatazama ile ya juu tu. Kila kituo wanabandua ya zamani, wanabandika nyingine, mzigo unasonga. Mwisho wa safari lebo zote zinatolewa na mzigo unatoka kama ulivyofungwa.

Nikauliza, kwa nini tabaka la pili? Akasema kwenye la tatu kampuni ingesoma anwani zetu na kutupangia njia, Kiberege ingekuwa mtaa wake na sisi mtaa wetu. Hapa hapana. Ni sawa na kuvuta waya mmoja mrefu kutoka swichi ya kule, kisanduku kinachokusanya nyaya za kompyuta, mpaka swichi ya hapa. Mashine ya kule ikiita, za hapa zote zinasikia.

“Kiberege imo humu chumbani, dada,” akasema, akafunga begi lake.

Nikamshukuru. Nikamshuku vilevile, mtu anayeeleza vizuri hivyo ana lake jambo. Alipokwisha kuondoka ndipo iliponiingia. Imo humu chumbani! Basi hiyo mashine ya ndani si lazima iwe ya Mlabani.

Alhamisi, 6 Machi

Swichi yetu inakumbuka kila mashine inasikika kupitia tundu lipi. Nikaitafuta ile iliyoleta faili. Nimeipata – tundu la waya wa kampuni! Imetoka ng’ambo ya waya. Kiberege.

Nilifurahi! Sikitu amepona! Nikasimama nimwite. Nikakaa tena.

Kwenye studio ya Kiberege yupo mtu mmoja tu. Marselino, mdogo wangu. Kazi ile nilimwombea mimi.

Nikajiambia, acha kushuku damu yako, Restuta. Lakini nikalisoma upya lile tangazo. Huku kwetu “habari ziwafikie” humkausha mtangazaji koo – wa Mahenge, wa Malinyi, wa Mlimba, wa Dar, wakwe na watani. Hili lina jina moja. Dativa. Ukoo gani wa Mofu una ndugu mmoja?

Na Dativa namjua. Marselino alimposa, barua ikapokelewa, tukapiga vigelegele. Halafu binti kaenda Dodoma na simu ya Marselino hapokei. Redio yetu haifiki Dodoma, lakini majirani wana simu. Juzi kashuka stendi ya Ifakara na kanga ya msiba kiunoni. Baba yake alipompata hewani kumwambia yuko hai, binti alikuwa ameshapita Morogoro, akaona bora amalize safari amwone kwa macho. Haya nimeyasikia sokoni, hakuna aliyenificha.

Nikampigia Marselino. Shikamoo dada, marahaba. Nikamuuliza habari za mvua. Nikamuuliza habari za mitambo. Akajibu vizuri, kila kitu salama. Kisha akauliza yeye:

“Dada, amekonda?”

Nilikuwa sijamtaja mtu yeyote!

Nimekata simu. Nina hasira naye, na ninamwonea huruma, na hasira hainipungui. Mjinga! Angeenda Dodoma mwenyewe!

Ijumaa, 7 Machi

Tupo kwenye kikao. Kimesimama kidogo, naandika hapahapa mezani. Watadhani ni mambo ya kikao.

Mama Febronia alianza na mimi. Restuta, wewe ndiye fundi. Faili limetoka kwenye mtandao wetu wa ndani, ndiyo au hapana?

“Ndiyo,” nikasema.

Ni kweli! Ningeapa mbele ya padri. Waya mmoja, chumba kimoja, tabaka la pili. Hakuna hapa anayejua chumba hicho kinafika Kiberege, na Bryson hakualikwa. Nimesema kweli tupu.

Akamgeukia Sikitu. Umesikia? Sikitu akasema amesikia, na hakuandika yeye. Akasema hivyohivyo mara ya pili, kwa sauti ndogo.

Ndipo mlinzi akagonga. Mzee Amedeus amekuja kusikiliza hukumu ya muuaji wake, ameongozana na Dativa. Mama Febronia katoka kuwapokea. Tumebaki mimi na Sikitu.

Simu yangu inatikisika mfukoni. Marselino. Sipokei.

Sikitu amenimiminia chai. Amesogeza kiti karibu na changu. Anasema hajalala tangu Jumanne, ila leo ameamka na amani, kwa sababu mimi nipo. “Wewe mambo haya unayaelewa, dada Restuta. Huwezi kuwaacha waseme uongo.”

Wameingia. Kweli amekonda, Dativa. Mzee ameketi mbele yangu, kofia mapajani. Nimempa shikamoo, ameitikia.

Mama Febronia anauliza kama nina la kuongeza, kabla hajaandika barua ya kumwachisha Sikitu kazi.

Wote wananisubiri nimalize kuandika.