Kitufe Kilichomsemesha Mwalimu

Alhamisi, saa kumi alasiri. Mvua ya asubuhi imekatika, jua limetoka, na mimi nimekaa mbele ya mashine bila kuandika hata mstari mmoja wa msimbo. Nimeshangaa. Sina neno jingine.

Lakini lazima nianze na aibu yangu.

Mimi na mwenzangu Héritier tunatengeneza programu ya bure ya kuwasaidia walimu kuandika points, yaani alama, za wanafunzi na kutoa bulletin, ile ripoti ya muhula. Msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuuchukua na kuubadilisha. Shule za hapa zina mashine za kila aina: Windows za zamani, Linux, hata Mac moja iliyoachwa na mfadhili. Kwa hiyo tulihitaji zana moja ya kutengenezea madirisha na vitufe vya kwenye skrini, itakayofanya kazi kote bila kuandika programu mara tatu.

Tulibaki na mbili. Ya kwanza huchora kila kitu yenyewe, kwa hiyo sura ni ileile kila mahali, nayo inapendeza. Ya pili haichori. Inaiomba mashine itoe vitufe vyake, na mara nyingi havipangiki vizuri. Leseni za zote mbili zilituruhusu kuzitumia bure. Mimi ndiye niliyesema tuchukue ile nzuri. Nakiri: nilitaka watu waone kazi yangu wanisifu.

Tukajenga juu yake kwa miezi minne.

Mwezi uliopita nikampelekea Mwalimu Sebagenzi. Alinifundisha historia kwenye shule ya mtaa wa Mabanga, na bado anafundisha, ingawa macho yake yalikufa miaka sita iliyopita. Mkewe, Mama Riziki, humsomea kazi za wanafunzi na kumwandikia points daftarini. Mwalimu ana kompyuta ndogo yenye programu ya kusoma skrini kwa sauti. Ndiyo inayomsomea habari kila asubuhi. Akafungua kazi yangu. Akabonyeza Tab, kile kitufe cha kibodi cha kuhamia sehemu inayofuata. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya.

“Mutoto yangu,” akasema kwa upole, “hii programu yako iko wapi? Ao haiyafunguka bado?”

Ilikuwa imefunguka. Ilikuwa inang’aa mbele ya uso wake. Ila vitufe vyetu vilikuwa picha tu zilizochorwa, na ile sauti haikupata kitu cha kusoma.

Nilirudi nyumbani, mtaa wa Katoyi, kwa miguu nikiwa nimeinamisha kichwa.

Héritier alikataa kwanza. “Miezi ine ya kazi tutupe, juu ya mutu moja?” Nilimwambia tu aende akaketi karibu na Mwalimu anapobonyeza Tab. Alienda, na kesho yake nilikuta ameshaandika upya dirisha la kwanza kwa ile zana ya pili.

Leo tumempelekea Mwalimu kazi mpya.

Alibonyeza Tab, na mashine ikasema: “Jina la mwanafunzi.” Sauti yake ni ya Kifaransa, kwa hiyo ilikivuta Kiswahili puani kama padri mgeni. Mwalimu akacheka. Tab tena: “Points.”

Hatukuandika hata mstari mmoja wa kuifanya iseme. Vitufe vya mashine yenyewe tayari vinajua kujitaja; sisi tuliviandikia majina tu. Watu tusiowajua, katika nchi ambako sitafika, walikaa miaka wakihakikisha kwamba kitufe kinaweza kujitaja kwa mtu asiyekiona. Hawatamjua kamwe mwalimu wa historia wa Mabanga. Walimfikiria hata hivyo. Mwili ulinisisimka pale, na sasa ninapoandika haya unanisisimka tena.

Akaanza kuingiza points za darasa lake, mwanafunzi mmoja mmoja. Mama Riziki alikuwa kando yake akimsomea daftari, kalamu mkononi kwa mazoea, mpaka akaiweka mezani. Kwa mwanafunzi wa tano Mwalimu akaandika 71 badala ya 17, na mashine ikaisoma. Mama Riziki akanyoosha mkono amsaidie.

“Acha, mama,” akasema. “Nimesikia. Nimekosea mwenyewe, acha nisahihishe mwenyewe.”

Akafuta. Akaandika 17. Mashine ikarudia: “Dix-sept,” kumi na saba. Mama Riziki akageuza uso dirishani, na Héritier akajifanya anatafuta kitu kwenye mfuko wake.

Mimi sikujifanya kitu. Nililia.

Tulipokuwa tunaaga, Mwalimu alikuwa bado anatembeza vidole. Kwenye dirisha la mwisho mashine ikasema “bouton” tu, yaani kitufe, bila jina, basi. Akarudi nyuma, akajaribu tena. “Bouton.”

“Huyu hamujamubatiza,” akatuambia.

Kweli, tulisahau kukipa jina. Na kama tulisahau kimoja, viko vingine. Kesho asubuhi nitaizima skrini yangu na kuipitia programu yote kwa masikio, tangu dirisha la kwanza. Naogopa kidogo. Sijui nitafika wapi kabla ya kupotea.