Sufuria Iliyoombewa Kileleshwa

Baba Nekesa,

Sufuria kubwa ya mama yako ilikata roho Jumamosi saa tisa mchana. Mimi ni mzima.

Kaka yako Josphat alitaka tupike sharubati nzito kama ile ya Wazungu, ya utomvu wa mti wa mepo, ya kumwagia chapati za maji. Mepo hakuna huku, basi tukanunua lita ishirini za juisi ya miwa Hurlingham, tukaichemsha tangu asubuhi. Nikamwambia zimebaki dakika tatu tuepue. Kaka yako akasema hatuepui kabla ya kushukuru, tushikane mikono. Akaanza na wagonjwa, akapitia serikali, akafika Israeli. Nikafumbua jicho moja. “Shemeji, inaungua.” Akajibu macho yamefumbwa: “Na Mama Nekesa, Bwana, umpe subira.”

Aliomba dakika kumi na nne. Sharubati ikawa jiwe jeusi, na alipolichokoa kwa bisibisi, sufuria ikatoboka.

Kula vizuri, usishindie chai. Nimekukumbuka sana. Lakini kaka ni wako na mama ni wako. Utamwambia mama wewe, ndiyo au hapana? Nipigie kabla ya Alhamisi saa sita, kabla sijapanda basi la kwenda kwake.

Mama Nekesa