Ulimkana Mtoto, Bao Lake Ukaling'ang'ania

Mjomba,

Tumekuzika Jumamosi na bado nimekukasirikia. Nimejaribu kungoja hasira ipoe, maana mtu aliyekufa hana nafasi ya kujitetea, lakini haipoi. Mchungaji alisimama kando ya jeneza akasema ulikuwa baba wa kila mtoto aliyegusa mpira katika Turkana hii. Watu wakaitikia amina. Mezani walikuwa wameweka ile picha yetu na kombe, sisi kumi na mmoja na wewe katikati, unacheka mpaka pengo linaonekana. Nikaombwa niseme machache kama mpwa wako. Nikasingizia kifua, nikakaa. Sikuwa mgonjwa, Mjomba. Nilikuwa namfikiria Majok.

Unakumbuka tulivyoanza? Laga ya Kakuma, ule mto wa msimu, ikiwa kavu ulitukusanya jioni, sisi watoto wa mjini pamoja na wale wa kambini waliokimbia vita Sudan. Ulivua akala zako za tairi ukaziweka mchangani ziwe goli, ukabaki pekupeku kwenye mchanga ambao bado ulikuwa na moto wa mchana, ukarukaruka huku unapuliza filimbi. Goli la pili lilikuwa mawe mawili. Benchi halikuwepo. "Hapa kila mtu anacheza," ulisema. "Hata huyu mguu yake ni moja, atakaa goli." Na kweli Lokai alikaa goli na mkongojo wake, na hakuna aliyethubutu kumcheka mbele yako. Tukifungwa tulicheka, tukifunga tulicheka. Uliponifundisha kupiga pasi kwa upande wa ndani wa mguu, ulipiga magoti ukaushika mguu wangu kwa mikono miwili, taratibu, kama unayemtoa mbuzi mwiba. Nilikupenda sana. Hilo nalo niliandike.

Majok alikuwa Mdinka wa kambini, umri wangu, miaka kumi na tatu hivi. Alikuwa na miguu mirefu mpaka akikaa unashangaa ameikunja vipi. Alikuja na shangazi yake tu. Baba yake alibaki vitani, na hakuna aliyejua kama yu hai. Wewe ndiye uliyemwona wa kwanza, amesimama mbali anatutazama, ukamrushia mpira bila kumwuliza jina.

Kisha klabu ya Lodwar ikakuita uwe kocha wa vijana wake. Ukanunua viatu vya kamba. Ukaanza kuzungumza pointi na kombe, ukaja laga na karatasi mkononi ukachagua wawili, mimi na Majok. Lokai alituangalia tukipanda lori, na wewe hukugeuka hata kumpungia mkono. Tena kombe lile lilikuwa la vijana wa wilaya peke yao, na mkimbizi hakuruhusiwa hata kutoka Kakuma bila kibali. Ulijua yote hayo. Ulisema ni mambo madogo.

Ukampa Majok jina la kwetu, Ekiru, kwa kuwa alifika Kakuma wakati wa mvua. Pengo la meno ya chini alikuwa nalo tayari, maana kwao pia, kama kwetu, huyang'oa. Ukamfundisha akisalimiwa "ejoka" ajibu "ejok" bila kusita. Halafu ukamwandaa kwa lile swali ambalo mgeni hawezi kulikisia. Kwetu kila mwanamume huzaliwa jiwe au chui: baba akiwa jiwe, mtoto wake ni chui, na mjukuu anarudi kuwa jiwe. Wewe ulikuwa jiwe.

"Wakiuliza, sema wewe ni chui," ulimwambia pale laga, nami nimekaa katikati yenu.

"Na wakiuliza baba?"

"Baba ni mimi. Baba yako ni jiwe. Kuna shida?"

Njia nzima ya Lodwar, juu ya magunia matupu, alirudia maneno hayo: baba jiwe, mimi chui, baba jiwe, mimi chui. Nilidhani anakariri kama kwa mtihani. Leo najua alikuwa na furaha tu.

Siku ya fainali, karibu na mapumziko, alimpita beki wao wa kati akafunga. Ulikimbia ukambeba mabegani, ukazunguka naye uwanja mzima mpaka refa akakufukuza nje ya mstari. Wakati wa mapumziko wapinzani wakalalamika kwamba namba tisa ni mkimbizi. Mzee wa kamati akamwita Majok mezani. Naibu wa chifu alikuwepo, na askari mmoja. Hawakumwuliza cheti cha kuzaliwa. Nani kati yetu alikuwa nacho?

"Ejoka?"

"Ejok."

"Wewe ni jiwe ama chui?"

"Chui."

"Na baba yako?"

"Jiwe. Ni ule pale." Akakuonyesha kwa kidole.

Mzee akageuka. "Kocha, huyu mtoto ni yako?"

Neno moja tu lilitakiwa, Mjomba. Usiniambie ungekuwa umesema uongo. Uongo wote ule ulikuwa wako tangu Kakuma, uliupika mwenyewe ukamlisha mtoto. Lakini ulitazama kamba za viatu vyako ukasema, "Hapana. Mimi sijui yeye. Alipanda tu lori, akanidanganya." Mzee akanigeukia mimi, akaniuliza kama namjua. Nilikutazama nikingoja uinue macho. Hukuinua. Nikanyamaza, na wao wakachukua kunyamaza kwangu kuwa jibu.

Ulimvua jezi kwa mikono yako, ukampa mwingine wa benchi aivae ikiwa bado imelowa jasho la Majok. Hata hilo pengine ningelisamehe, maana mtu huogopa. Lakini wapinzani walipotaka bao lifutwe, uliipiga ile meza kwa ngumi. "Bao ni bao! Refa amepuliza, ameandika. Itafutwa namna gani?" Sauti ile ulikuwa umeificha wapi dakika tano kabla? Mtoto ulimkana, bao lake ukaling'ang'ania, nao wakakukubalia. Tulishinda moja bila. Kombe tulilopigia picha ni la bao lile, na aliyelifunga alikuwa kifua wazi nyuma ya Landrova ya polisi, akingoja kurudishwa kambini. Alituona tukishangilia. Mimi nilimwona akituona.

Nikaendelea kukuchezea misimu miwili, mwoga mimi. Mara moja tu nilitaja jina lake nyumbani kwako, tukila. Ulisema, "Hiyo ni maneno ya zamani," ukaomba chumvi.

Hukumtafuta hata siku moja. Mimi nilimtafuta, wiki mbili baada ya fainali, nikamkuta kambini kwenye foleni ya maji. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Angenitukana ningepona. Badala yake alinivuta pembeni, akaniuliza polepole wasisikie wengine:

"Mimi nilijibu mbaya? Baba ni jiwe, mtoto ni chui. Si ni hivyo?"

Wiki mbili, Mjomba. Wiki mbili mtoto amekaa akitafuta kosa ndani ya jibu lake, kwa sababu hakuweza kufikiri kwamba kosa ni lako. Nikamwambia sijui. Nikachukua njia yangu nikaenda. Hakurudi laga tena, na miaka mingi baadaye nikasikia amevuka mpaka wa Nadapal kurudi kwao. Kama yu hai, sijui, na safari hii nasema kweli.

Jana mkeo aliniletea rangi na brashi, kwa kuwa mimi ndiye mwenye mwandiko mzuri. Anataka niandike msalabani mwako: Baba wa Vijana Wote. Nimeketi na kopo hili tangu asubuhi. Nitaandika jina lako, basi. Mkeo atanilaumu, na mchungaji atauliza, nami safari hii sitanyamaza.

Siwezi kukuambia ulale salama. Lala tu. Na huko uliko, ukikutana na kijana mrefu mwenye pengo la meno ya chini, mwambie kabla hajakuuliza: alijibu sawa.

Mpwa wako,
aliyeulizwa wa pili.