Kisanduku cha Tano

Harlow, Vermont
12 Novemba

Mwanangu Corinne,

Salamu nyingi. U hali gani huko Providence? Mabega bado yanakuuma kwa kusukuma magurudumu? Mimi sijambo, ila goti la kushoto limeanza kutabiri theluji kabla ya redio.

Nina habari. Watu wa msitu wa jimbo wametengeneza njia mpya kando ya kijito, maili moja na ushei, tambarare, haina ngazi wala mizizi. Theluji ikianguka, mashine itapita kuishindilia ili hata mwenye kiti cha magurudumu apite. Wakaniomba mimi, mzee wa visanduku, nifiche vichache vya watu kuvitafuta. Nimeficha vitano. Kila kimoja kina daftari na mhuri niliouchonga mwenyewe, kama zamani: unagonga mhuri wako kwenye daftari langu, unagonga wangu kwenye lako, unakirudisha kisanduku mahali pake, unanyamaza.

Safari hii sikuweka kitu chini ya gogo. Nimeazima kiti cha magurudumu cha kanisani, nikakikalia, nikapima mkono unapofika. Padri akaniuliza, "Lucien, umevunjika nini?" Nikamwambia, "Bado, Padri, nafanya mazoezi." Hata vidokezo vya kuvipata sikuvihesabu kwa hatua, nimevihesabu kwa mizunguko ya gurudumu. Nimeviweka ndani ya bahasha hii. Sijampa mtu mwingine, kwa sababu nataka wa kwanza kufika uwe wewe.

Njoo na mhuri wako wa kindi.

Baba yako


Providence
3 Desemba

Baba,

Barua nimeipata. Mabega yanauma.

Sitakuja. Ule mhuri wa kindi nilikwisha kuutupa, mwaka ule ule.

Umeandika kuhusu njia, mashine na mizunguko ya gurudumu, na hujataja hata mara moja kwa nini mwanao ana magurudumu. Miaka sita nimekuomba jambo moja tu. Siku ile ya ajali ilikuwa inanyesha mvua ya barafu. Nilikwambia turudi. Wewe ukasema, "Kisanduku kimoja tu, halafu nyumbani." Polisi ukawaambia ni barafu. Mama naye ukamwambia ni barafu. Amekufa akinisihi, "Usimkasirikie baba yako, Corinne, barafu haina mwenyewe." Nilionekana mwongo mbele ya mama yangu mzazi mpaka tukamzika.

Sema ilivyokuwa. Basi.

Corinne


Harlow
20 Desemba

Mwanangu,

Salamu. Natumaini hii itakukuta mzima kabla ya Krismasi. Hapa theluji imefika futi mbili. Nimejaribu kupika maharage ya mama yako ya kwenye chungu, yametoka magumu kama kokoto, nimeyala hivyo hivyo.

Ulichoomba nimekiandika. Kiko kwenye kisanduku cha tano, ukurasa wa kwanza wa daftari, pale mwenye kisanduku anapoeleza kwa nini amekificha. Unajua mdomo wangu ulivyo mzito. Nikishika karatasi ya barua mkono unagoma. Kule msituni, nimekalia kile kiti, mkono ulikubali.

Njoo ukisome mwenyewe. Ukivuka daraja, mizunguko thelathini na mmoja, mkono wa kulia, msonobari wenye kovu la radi. Kimo ndani ya tundu, usawa wa bega lako.

Baba


Harlow
22 Januari

Corinne mwanangu,

U mzima? Niandikie haraka.

Jana nilikuta alama za magurudumu njiani. Nilikimbia, mimi na miaka yangu sabini na miwili, na nilianguka mara moja. Visanduku vinne vya kwanza havina mhuri wa mtu, lakini mifuko ya plastiki ya kufungia madaftari imekunjwa mara tatu na kupinduliwa, na mkunjo huo sikumfundisha mtu mwingine duniani. Mbele ya kile cha tano alama zinazunguka, zinazunguka tena, halafu zinarudi zilikotoka.

Ulikuwa maili nne tu kutoka hapa nyumbani kwetu. Kwa nini hukukichukua? Kwa nini hukubisha hodi?

Baba


Providence
29 Januari

Baba,

Ndiyo, ni mimi. Niliendesha gari kwa muda wa saa nne, peke yangu.

Vile vinne viko kushoto. Cha tano kiko kulia, na mashine yako hiyo inasukuma theluji yote kulia. Kulikuwa na ukuta wa theluji unaonifika kifuani, mgumu kama saruji. Wewe uliyezaliwa ndani ya theluji ulipima mkono wangu, ukapima kiti, ukahesabu mizunguko, halafu ukasahau kwamba Januari hufika!

Nilichimba kwa mikono mpaka glavu zikalowa. Gurudumu dogo la mbele likazama. Msonobari niliuona, na kovu lake, na tundu lake. Nikakaa pale nikalia. Walipita mtu na mkewe wakiteleza juu ya theluji kwa ski, mwanamke akaniuliza, "Dada, tukusaidie? Unatafuta kitu?" Nikamjibu, "Hapana, naangalia ndege." Kwa sababu kisanduku hakionyeshwi mtu baki. Uliniambia hivyo nikiwa na miaka tisa, na hata pale sikuthubutu kuvunja. Ndivyo ulivyonilea.

Njiani nikirudi nikawaza: Baba hata samahani yangu ameificha porini, niitafute. Wenzangu husemeshwa na baba zao mezani.

Kama si kusema ilivyokuwa, usiniandikie tena.

Corinne


Harlow
2 Machi

Mwanangu Corinne,

Sikuulizi hali, kwa sababu hukunipa ruhusa. Mimi niko kitandani tangu katikati ya Februari. Usishtuke, ni kifua tu, na daktari ni mwanamke mkali.

Nilikwenda na koleo. Ule ukuta ulinichukua siku tatu. Nilitaka nilitoe daftari nikutumie kwa posta. Nilipofungua kisanduku, nikakuta maji yameingia. Unakumbuka nilivyokuwa nakufokea, wewe na watoto wote wa hapa: penseli, siyo wino, na mfuko ufungwe! Kumbe mimi nilitumia ile kalamu nzuri ya wino aliyoninunulia mama yako, nikiona jambo lenyewe ni kubwa. Na mfuko sikuufunga sawasawa, kwa sababu nilirudi pale mara nne kutaka kuuchana ukurasa. Umebaki ubuluu tu. Hakuna neno hata moja.

Nimecheka, halafu nikaogopa. Maana kama ningekufa pale na koleo mkononi, ingekuwa barafu milele.

Kwa hiyo nasema hapa.

Uliniambia turudi. Uliniambia mara tatu. Mara ya tatu ulishika mkono wangu kwenye gia, nikautoa. Nilikuwa na kidokezo mfukoni na nilitaka tuwe wa kwanza kugonga mhuri, sisi, siyo wale watafutaji wenzetu wa St. Albans. Barabara niliiona inang'aa. Niliiona, Corinne, na nikaongeza mwendo ili tuwahi kabla ya giza. Hospitali, mama yako aliponiuliza, nilisema barafu, akanishika kichwa akanibembeleza. Baada ya hapo sikujua pa kuanzia. Nilimwacha afe akikuona wewe ndiye mwenye roho mbaya.

Si barafu. Ni mimi. Nisamehe, au usinisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Baba yako,
Lucien


Providence
21 Aprili

Baba,

U hali gani? Kifua kimepoa? Nilimpigia yule daktari wako mkali, akaniambia hupumziki na ulikutwa unachonga mihuri kitandani, vipande vya mpira vimejaa kwenye shuka. Acha.

Nimechelewa kujibu. Barua yako niliisoma, nikaiweka kwenye droo ya vijiko wiki tano. Kila nikitaka kijiko, iko pale.

Sijakusamehe. Nakwambia mapema ili usije ukaelewa vibaya yanayofuata. Asubuhi bado najihamisha kutoka kitandani kwa mikono, na sasa nikijihamisha nakumbuka kwamba uliongeza mwendo. Hilo nilikuwa silijui. Nililiomba mwenyewe, nimelipata.

Kuhusu kindi nilikudanganya. Yumo kwenye kopo la vifungo, na mkia wake ule uliokatika kisu kilipokuteleza. Mpira umekuwa mgumu, lakini unashika wino. Daftari lako limeharibika, kwa hiyo nimeugonga kwenye barua yako, chini ya jina lako, na tarehe. Aliyekipata hugonga. Ndiyo desturi, na nimekipata.

Barua hiyo nakurudishia, iko humu ndani. Si ya kuhifadhi. Usiitie kwenye kisanduku, wala usiifiche popote. Najua matope ya Aprili yamejaa njia ya makaburini, najua na kifua chako. Subiri pakauke. Kisha nenda kwa Mama, usimame pale, umsomee yote kwa sauti, pamoja na ile mara ya tatu.

Mimi sitakuwepo. Ukishamsomea, niandikie. Mpaka hapo usiniandikie kitu kingine.

Mwanao,
Corinne