Ombi la Maombi Kuhusu Uchina wa Kale

Jumapili, 10 Agosti 2025

Fellowship ya maombi nyumbani kwa rafiki yangu Valerie, mtaa wa Bellevue. Zamu ya maombi ikanifikia. Nikasema: niombeeni, tarehe 22 jopo la chuo linaamua kama tasnifu yangu iendelee. Nikaropoka na sura yenyewe — kwamba Wachina wa kale walipata magari ya kukokotwa na farasi kutoka nyika za magharibi. Hilo tu! Maandishi waliyabuni wenyewe. Mugambi, mhadhiri wa idara yetu, akaacha kutafuna. Valerie akaniombea hadi machozi.

Jumanne, 12 Agosti

Profesa, msimamizi wangu, kaniita. Kasikia nadai ustaarabu wote wa Uchina uliletwa na wageni. Wote! Eti nakumbuka wazungu walisema nini juu ya Zimbabwe Kuu? Nakumbuka! Walisema ilijengwa na Wafoinike, na yeyote yule, mradi asiwe Mwafrika. Mimi wa kurudia tusi hilo?

Nani kampelekea? Mugambi tu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alhamisi, 14 Agosti

Mugambi kwenye lifti: "Sasa Rispah, chapter inaenda poa?" Anachimba huyu! Nikamwambia inaenda.

Jumapili, 17 Agosti

Nimetega. Mugambi nimemnong'oneza kwamba hata kondoo wa Uchina walitoka nje. Valerie simshuku, ila mtego uwe wa haki. Yeye nimemwambia jikoni, kama ombi la maombi, kwamba sasa nasema hata maandishi yalitoka nje. Uongo mtupu. Mungu anisamehe.

Jumatatu, 18 Agosti

Profesa kapiga simu, hata salamu hakuna. Sasa nasema na maandishi? Maandishi! Si kondoo. Anataka maelezo kesho asubuhi, la sivyo nisahau habari ya jopo.

Jioni hii Valerie amekuja na chapati. Nimemuuliza wazi: umemwambia nani? Hakushtuka hata kidogo.

"Wote, dada! Nimekuweka kwenye prayer chain, ombi linapita simu hadi simu. Hata mke wa Profesa wenu amefunga leo kwa ajili yako."

Maskini Mugambi wa watu! Na mimi je? Nikikana, lazima niseme nilidanganya ndani ya maombi, na mke wa Profesa ana njaa kwa uongo wangu. Nisipokana, tasnifu imekufa. Nimekimbilia chumbani kuandika haya, naye kanifuata. Amenishika bega, amefumba macho, ameshaanza: Ee Bwana, kuhusu yale maandishi —