Rezistansi ya Chini ya Sifuri

Mtaa wa Sokoni, Kasongo
6 Mei 2024

Mpendwa mpwa wangu Mwamvita,

Salaam nyingi zikufikie huko Lubumbashi. Unakula? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi tuko wazima. Mimi ndiyo nimezidi: juzi nilifungua redio iliyolala miaka mitatu ndani ya mto Lualaba pale Nyangwe, ikaanza kusoma habari kabla sijakaza misumari. Uliza mutu yeyote.

Mchoro na kifaa mulichotengeneza huko shuleni vimefika. Nimeelewa: ni rezistansi, kizuizi cha umeme, ya kukaa kati ya pano ya kunasa jua na batri ya kituo cha uzazi cha Kabambare, inajibadilisha yenyewe kufuata umeme unaopita. Unasema ndani ya ordinatere, hiyo kompyuta yenu, imefanya kazi bila kosa hata moja. Hapo ndipo nilipoanza kushuku.

Kanuni uliyoilisha mashini ni ohmu kumi, toa mbili kwa kila ampea. Muzuri. Lakini mustari wa majaribio umesimama kwenye ampea nne. Kwa nini nne? Nani aliwaambia jua la Kabambare linaishia hapo? Pano ile niliipima mimi, saa sita mchana inatoa nane! Nimehesabu kwa makaa ukutani: kwenye tano rezistansi imekwisha, kwenye nane iko chini ya sifuri. Rezistansi gani hiyo, inasukuma umeme badala ya kuuzuia? Mashini imekubali kwa sababu yenyewe haiungui. Hiki kifaa cha mikononi kitaacha kuzuia, kiachie umeme wote uingie kwenye batri mpaka ipasuke.

Na huyu Souleymane aliyetia jina lake chini ya mchoro ni nani? Anasoma nawe, ama anatafuta kingine?

Dada yako Soraya alipanda pikipiki jana kwenda Kabambare, mimba iko mwezi wa tisa. Taa ya kujifungulia inategemea batri ile moja. Muuguzi Pascaline amenipigia: "Papa Atumani, kifaa kiko wapi? Unaogopa kazi ya watoto wa shule?" Nikamwambia, "Mama, batri ikipasuka utawasha nini, kidole?" Akakata simu.

Soraya nilimpa taa yangu ya karakana aondoke nayo. Kifaa nimekifungia sandukuni. Ijumaa baada ya sala nitakupigia: panda na majaribio mpaka ampea nane, uwekee rezistansi mahali pa kukomea kabla ya sifuri, unisomee namba moja moja. Huyo Souleymane akae mbali na simu.

Msalimie Mama Binti, mwenyeji wako, na nyumba yake yote. Mungu akuzidishie elimu, na akupe sikio la kumusikia fundi aliyeishia darasa la tano.

Wako akupendaye,
mjomba Atumani