Kurasa za Katikati

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini ni wewe uliyenifundisha kwamba mtoto haanzi maneno bila salamu.

Makala yako ya maneno ya utani misibani bado haijaenda kwa mhariri wa jarida. Alitaka ipigwe chapa upya, nakala mbili, na kila mfano uonyeshe ulisemwa wapi, na nani, kwa nani. Ulikuwa ukiyaongeza hayo kwa kalamu kitandani, hapahapa Temeke, mpaka mkono ukakataa. Nikakwambia usijali, kupiga chapa ndiyo kazi yangu, nitaimaliza. Imenishinda, Baba.

Sikiliza ilivyokuwa. Siku tuliyokuzika, jirani yetu Bwana Maganga alifanya kazi yake. Mnyamwezi kafiwa na mtani wake Mzaramo, nani wa kumzuia? Alivaa koti lako, akabandika miwani yako puani, akachukua karatasi mezani na kutoka nazo uani kutufundisha. Kazishika juu chini, na anakohoa kikohozi chako kilekile. Shangazi, ambaye hakuwa amenyamaza kulia tangu alfajiri, alicheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka, nikahisi kifua kimefunguka. Kisha akaanza kuzitia karatasi moja moja motoni, chini ya sufuria ya ubwabwa, akisema, "Mwalimu kaondoka, na masahihisho yake yamfuate! Tumechoka kusahihishwa sie!" Tukazidi kucheka. Nilidhani ni mitihani ya zamani ya shule.

Zilikuwa kurasa za katikati. Mifano yote, na nakala nyingine haipo.

Na siwezi hata kumkasirikia. Wewe mwenyewe umeandika, kwenye ukurasa wa kwanza ambao bado ninao, kwamba mtani hachukiwi kwa alilofanya msibani, na anayemchukia ndiye mwenye kosa. Basi hasira zote zimekuangukia wewe. Nisamehe.

Alipopata habari, Bwana Maganga alikuja. Hakuomba radhi, mtani haombi radhi, ila siku hiyo hakutania. Akasema, "Niulize mie, mwanangu. Misiba mingi nilikuwa na baba yako, mpaka ule wa Chanika." Nikatia karatasi kwenye mashine. Akaanza mfano mmoja, ukamponyoka njiani. Akajaribu tena. Mwisho akasema, "Maneno haya hayaji hivihivi. Yanataka maiti." Akalia, mzee wa watu. Nikampa chai kavu isiyo na sukari, maana duka la ushirika halijaletewa.

Kaka anasema nijaze mwenyewe. "Tunga tu, mdogo wangu. Nani atakwenda kuuliza?" Kweli, hakuna atakayeuliza. Nilitunga mmoja, ukatoka mzuri kabisa, ungeweza kuusikia kwenye msiba wowote wa huku kwetu. Niliusoma mara mbili, nikauchana.

Jana nimemaliza kupiga chapa mwanzo na mwisho. Katikati nimeandika kwamba mifano imepotea. Mhariri atairudisha. Najua, kwa sababu ungekuwa wewe ndiye mhariri, ungeirudisha. Miaka yote ile ya kukaa majamvini kwa watu, ukisikiliza, imekwisha hivi, na mimi sina la kufanya.

Kesho naipeleka posta, jina lako likiwa juu. Pumzika, Baba. Watasema hukuwa na ushahidi. Lakini nakuahidi, hakuna atakayekuandikia hata neno moja ambalo hukulisikia.

Mwanao,
Tatu